Moshi Juu ya Kichwa cha Sydney

Ukitaka kumjua Waringa, usianzie kwake. Anzia kwa mama yake, maana hata Waringa mwenyewe aliambiwa aanzie hapo.

Mama Waringa alifiwa na mumewe mtoto akiwa bado wa mgongoni. Kabla matanga hayajaanuliwa alikuwa ameokoka katika kanisa moja la mabati pale Jericho, lenye jina refu kuliko jengo lenyewe. Watu wa mtaa hawakuwa na pumzi ya jina lile. Wakaliita kwa Vitambaa, kwa sababu ya vitambaa vyeupe ambavyo wanawake wake hawakuvitoa kichwani hata wakioga, kama unawaamini wasengenyaji.

Kwa Vitambaa suruali kwa mwanamke ilikuwa dhambi, herini dhambi, redio dhambi isipokuwa taarifa ya habari, na taarifa yenyewe uzime kabla ya michezo. Waringa alikulia humo. Akisikia muziki dukani alikaza mwendo kama mtu aliyeona mbwa. Akicheka mpaka magego yakaonekana, alitubu kimoyomoyo kabla hajafunga mdomo. Shuleni wenzake walimwita Agano la Kale.

"Heri mimi," aliwajibu. "Lina vita na mafuriko. Nyinyi mna nini?"

Alimaliza shule, akajifunza ushonaji, akapata kibanda sokoni Jericho. Kazi yake ilikuwa kushona vile vile vitambaa vyeupe, wakati Sydney alipokuja.

Sydney alikuwa fundi wa spika kutoka Dandora, mtaa ulio kando ya jaa la taka la jiji, linalofuka moshi usiku na mchana. Aliitwa kuitibu spika ya kanisa, iliyokuwa ikilia kama mbuzi kila Baba Askofu alipomtaja Shetani. Akamkuta Waringa, zamu yake ya usafi, akifagia kanisa.

"Sista, sasa?"

"Bwana asifiwe."

"Aah, asifiwe sana. Na wewe je, nani hukusifu?"

Waringa alitubu njia nzima hadi nyumbani. Sydney naye akarudi Alhamisi kuiangalia spika. Akarudi na wiki iliyofuata. Baba Askofu akaanza kushangaa ni ugonjwa gani huo unaopona polepole kuliko mguu uliovunjika.

Ilipojulikana kuwa kijana anataka kumwoa Waringa, hakupinga sharti hata moja. Akakubali kubatizwa. Akakubali kuacha miraa, ingawa hapo aliuliza mara mbili kama wana hakika. Likabaki Jibu.

Kwa Vitambaa haozwi mtu bila Jibu. Majina ya wawili hupelekwa katika chumba kilicho nyuma ya madhabahu, na akina mama watatu waitwao waonaji hujifungia humo kwa kufunga na kuomba mpaka mmoja wao aone. Akishaona, hutoka akasema mbele ya kusanyiko, na hapo hapana rufani. Mkuu wa waonaji alikuwa Mama Waringa mwenyewe. Kwingine watu wangeguna: refa gani huyu aliyemzaa golikipa? Lakini kwa Vitambaa hakuna aliyeruhusiwa kutazama mpira.

Yakapelekwa majina ya Waringa na Sydney, waonaji watatu wakaingia, wakatoka. Mama Waringa alikuwa na machozi.

"Nimeona moshi," akasema. "Moshi mweusi juu ya kichwa cha huyu kijana."

Sydney akacheka, peke yake.

"Mathe, mimi natoka Dandora. Kule moshi uko juu ya kichwa ya kila mtu. Hata ya padre."

Hakucheka mwingine. Waringa akapewa maikrofoni alipokee Jibu, kama ilivyo desturi. Yalihitajika maneno mawili tu. Akasema, "Nimelipokea Jibu," na angeishia hapo. Lakini alikuwa na uchungu, na uchungu wa mtu wa dini hutafuta mahali patakatifu pa kujitapikia. Akaongeza: "Na Mungu anisamehe kwa kuleta takataka nyumbani mwake."

Takataka. Kwa mtu wa Dandora. Sydney aliokota bisibisi zake moja moja, akaaga kwa adabu, akaenda zake.

Tangu siku hiyo Waringa akawa mfano. Akaitwa Dada Utii. Msichana akikamatwa na simu yenye picha za mvulana, aliletwa kibandani kukaa karibu na cherehani asikie habari ya moshi. Na tusidanganyane, Waringa alilipenda jina hilo. Miaka ikapita, waposaji wengine hawakutokea, maana nani atakayeposa hubiri? Akimkumbuka Sydney, akasikia mwilini kama njaa, alijiambia: nilimchagua Mungu. Maneno hayo yalimtosha. Yeye mzima alikuwa amesimama juu ya hayo maneno.

Mwaka huu Eve, binti wa Baba Askofu, akaleta mchumba. Kijana wa benki, hana kanisa isipokuwa la Krismasi. Jibu likaja uji haujapoa: mwanga mweupe. Kanisa likashangilia, na Waringa akapewa kazi ya kushona nguo za akina mama wa harusi.

Ndipo Kalekye, mwonaji mzee kuliko wote, akaja kibandani kupimwa kiuno.

"Vuta pumzi, Mama."

"Nikivuta sana nitazimia, mwanangu. Acha nguo inifuate mimi."

Waringa akatabasamu na pini mdomoni. "Eve ana bahati. Mwanga mweupe. Mimi mlinionea moshi."

"Moshi?" Kalekye akacheka. "Moshi aliuona mama yako. Mimi nilikuwa nimesinzia."

Waringa akazitoa pini mdomoni.

"Na yule mwenzenu?"

"Yule naye aliona nini? Mama yako alituambia hata hatujapiga magoti: Jibu ninalo, nyinyi itikieni tu. Tukaitikia. Mama ya mtoto akisema, utabishana naye?" Kisha akamtazama usoni. "Kwani hukujua? Mimi nilidhani mliyamaliza nyumbani."

Nguo ya Kalekye ilitoka ikibana kwapani. Ndiyo nguo ya kwanza Waringa kuiharibu.

Hakumuuliza mama yake nyumbani. Nyumbani mama angelia, angeugua presha, na kesi ingeishia hapo. Alingoja Jumapili, kwa sababu Baba Askofu alikuwa amemwomba awatolee wasichana ushuhuda wa utii kabla ya harusi, na kwa sababu mama yake alikuwa amemfundisha kwa fimbo kwamba madhabahuni hapasemwi uongo.

Akapewa maikrofoni. Wasichana wakakaa tayari kuusikia moshi.

"Mama," akasema Waringa. "Siku ile, mle chumbani, uliona nini?"

Mama Waringa alikuwa mstari wa mbele. Akamtazama Baba Askofu, naye Baba Askofu akawa na shughuli ya ghafla na kola yake.

"Mama. Uko mbele za Mungu."

Mama akasimama taratibu, akishikilia kiti.

"Niliona nyumba yetu," akasema. "Nimekaa mimi. Sahani moja. Hakuna hata mtu wa kumwambia ugali umeiva."

Kutoka nyuma mtu, kwa mazoea, akaitikia, "Amina!" Akazibwa mdomo.

"Huo si moshi."

"Si moshi."

"Na ukaniambia ni Mungu."

"Ningekuambia ni mimi," mama akasema, "ungebaki?"

Waringa, aliyewahi kuijibu shule nzima, alilijua jibu hili. Lilikuwa hapana. Angekwenda. Angekuwa Dandora sasa hivi akigombana na mume kuhusu miraa. Mama yake alilijua hilo kabla yake, akamtuma Mungu mlangoni amzuie.

Akampa maikrofoni kiongozi wa kwaya, akatoka nje. Hakuna aliyemfuata. Barabarani alifanya lile alilozoea kufanya kila akishikwa na jambo: akafumba macho aombe. Akasema, "Baba yangu," akasikia sauti ya mama yake ikitoka kinywani mwake mwenyewe. Akajaribu tena, polepole, kwa maneno mengine. Ikawa sauti ni ile ile, na mkwaruzo wake wa asubuhi, na namna yake ya kuvuta neno la mwisho.

Akafumbua macho. Akabaki amesimama hapo, mwanamke mzima, akitafuta hata neno moja la sala ambalo hakufundishwa na yule mwanamke aliye ndani.