Maji ya Kutema Kinyongo

Kila nikisikia kijiko kikigonga kifuniko cha sufuria, narudi Kalemie ya enzi za Zaire, kwenye nyumba yetu karibu na reli, nepi zikinuka sabuni na upepo wa ziwa. Mapacha kwetu huitwa mapasa. Mama alipowazaa Kyungu na Kabwe, wanawake wa mtaa walikuja wakigonga vifuniko na kumtania baba, mbeba mizigo wa bandarini: "Papa, wenzako wanatosheka na mumoja. Weye, njo njaa gani hiyo?" Sharti kila mtu acheke. Anayewashika mapasa lazima awe na moyo mweupe. Akiwashika na kinyongo, mtoto ataugua. Nkambo, yaani bibi yangu mzaa mama, alikaa mlangoni akikagua nyuso za wageni kama askari wa forodha.

Uso wangu niliufundisha kumdanganya. Nilikuwa na miaka tisa, mwaka wa pili wa shule, na nilikuwa nimeachishwa ili nimsaidie mama kuwabeba. Sikuulizwa. Asubuhi moja nilicheka mbele ya Nkambo, kisha nikashuka ziwani kufua, Kabwe mgongoni, meno nimeyauma. Rafiki yangu Feza alipita na daftari lake kichwani. "Mama mudogo wa mapasa," akaniita, "leo unafundisha darasa gani?" Wenzake wakacheka. Ndoo siku hiyo ilikuwa nzito kama jiwe, maji yakawa baridi, sabuni ikanichoma vidole. Nikamwambia mtoto aliye mgongoni, taratibu, ili asikie yeye tu: "Heri ungebaki kule ulikotoka."

Siku ya pili yake Kabwe alikataa titi la mama. Mwili wake ukawa moto kama mkate uliotoka tanurini. Baba akaanza kuuliza njia ya kumfikisha zahanati, na Nkambo naye akaleta beseni na kikombe cha maji. Tukalizunguka beseni. Kila mtu ajaze maji mdomoni, ayateme, aseme alichokificha. Jirani aliyekuja kumwona mtoto alisema anatuonea wivu, yeye Mungu hajampa hata mmoja. Baba alisema amewaambia wenzake bandarini kwamba vilio viwili vinamchosha. Kikombe kikanifikia. Ningeweza kudanganya, lakini nilimwona Kabwe, midomo imekauka, nikatema na kusema yote, neno kwa neno.

Nikangoja kofi. Mama akanivuta akanikalisha ubavuni mwake. "Ulikuwa unaitaka shule?"

"Ndiyo, mama."

"Nilikuona. Nilijifanya sikuoni." Akakichukua kikombe, akatema na yeye. "Sina namna ya kukurudisha, mutoto wangu. Hiyo njo kweli. Lakini sitakudanganya tena kwamba ni kitu kidogo."

Baba akambeba Kabwe hadi zahanati, wakamchoma sindano. Siku ya tatu akanyonya.

Sisemi hasira yangu ndiyo iliyomchoma homa. Mbu wa Kalemie hawahitaji msaada wa mtu. Nasema ninachokijua: Jumatatu iliyofuata niliteremka ziwani na ndoo ileile, jiwe lilelile la kufulia, na mzigo ulikuwa mwingine. Nilifua nikimwimbia Kabwe herufi nilizozikumbuka, a, e, i, o, u, na kila herufi kofi moja la nepi juu ya jiwe. Kyungu naye nilimpa somo lake jioni. Feza alipouliza tena darasa gani, nilimjibu: "La watu wawili. Wewe hujaandikishwa."

Shule sikurudi. Nimejifunza kusoma peke yangu, kwenye magunia na mabango, na nyumba hii ya matofali niliijenga kwa kuuza samaki. Sioni haya kusema. Siku hizi wajukuu wangu wanabeba watoto huku macho yao yakiwa kwenye simu, nami siwagombezi. Nimeweka kikombe cha maji mlangoni, basi. Wanajua kazi yake.

Juzi Kabwe alifika kutoka Moba, ndevu zimeshakuwa nyeupe, uso ameukunja kama mwenye kinyongo. Nilimpa kikombe. Alitoka uani, akatema, akarudi.

"Nimetema, Yaya," akasema, maana kwetu yaya ni dada mkubwa.

Nikamwekea ugali.