Siku Baba Yangu Alipokosa Dini ya Kumzika

Baba yangu alifariki alfajiri ya Jumanne moja ya mwezi wa kumi, mwaka 1970, pale Mbamba Bay. Ilipofika saa nne asubuhi, dini mbili zilikuwa zimeshamkataa.

Waislamu walisema si wao. Wakristo walisema si wao.

Mimi nilikuwepo siku hiyo, ila nilikuwa tumboni, miezi saba. Haya ninayowasimulia nimeyapata kwa mama yangu, na sehemu kubwa nimeyatoa kinywani mwa mtu aliyesababisha yote. Simpendi mtu huyo. Nitamsimulia kwa haki, lakini msitegemee nimpambe.

Anaitwa Mwalimu Othmar.

Othmar alikuwa Mmatengo wa milimani, Mkatoliki wa kulala na rozari. Alikaa seminari miaka sita, akaacha kabla ya upadri, akateremka ziwani kufundisha shule ya msingi. Kuogelea alikuwa hajui, na samaki mbasa alikuwa hajui kumla bila kukabwa na mwiba. Watu wa pwani ya ziwa walimcheka, na yeye hakuwa mtu wa kupenda kuchekwa.

Kitu kimoja tu alikuwa nacho ambacho wengine hawakuwa nacho. Elimu ya dini za watu.

Kule seminari walifundishwa somo la Uislamu, na daftari lake alikuja nalo. Juu aliandika kwa wino mweusi: Chanzo, Imani na Migawanyiko. Padri aliyewafundisha hakuwaficha kwamba wanasoma ili wajue pa kumshika Mwislamu siku ya mabishano. Othmar alilihifadhi lile daftari vizuri kuliko cheti chake cha ubatizo.

Sasa sikilizeni fitina ilivyozaliwa.

Othmar alimpenda mama yangu. Mama aliitwa Dorothy, binti wa Mzee Cuthbert, mzee wa kanisa la Waanglikana, mtu wa asili ya kijiji cha Mbaha. Othmar alipeleka barua ya posa mara mbili. Mara zote mbili Mzee Cuthbert alijibu kwamba binti yake haendi kwa Waroma, labda yeye awe amekufa.

Wote Wakristo, eti. Biblia moja, Yesu mmoja.

Othmar akavumilia, akingoja mzee alainike. Mzee hakulainika. Badala yake alikuja karani wa bandari kutoka Pemba, anaitwa Khalfan, mpole, mrefu, anayeongea kwa sauti ya chini mpaka unasogea kumsikia. Ndani ya mwaka mmoja mama akafunga naye ndoa ya serikali bomani Songea. Mzee Cuthbert akatangaza kwamba hana tena binti wa jina hilo.

Othmar alipopata habari, aliliacha darasa katikati ya hesabu, akaenda kukaa mawe ya ufukweni hadi jioni. Alikataliwa kwa kuwa Mroma, halafu Mwislamu akapita bila hata kuomba njia. Aliniambia kwamba siku ile alijisikia ametemewa mate usoni.

Nilimwelewa. Kumwelewa si kumsamehe.

Pale Mbamba Bay Waislamu hawakuzidi thelathini. Wayao wachache, makuli wa gatini, watumishi wawili watatu wa serikali. Mkubwa wao alikuwa Shehe Chiwaula, mwenye duka, mtu mkali lakini mkweli. Msikiti wao ulikuwa wa udongo na nyasi.

Baba aliswali nao kila Ijumaa. Ila aliswali kwa namna yake. Wenzake walifunga mikono kifuani, yeye aliiacha inaning'inia pembeni. Wenzake waliitikia amin kwa sauti, yeye alikaa kimya.

Wale watu hawakuwahi kumwona Mwislamu wa namna hiyo maishani mwao. Mnajua walifikiri nini?

Walifikiri anaumwa mabega.

Kweli kabisa. Miaka mitatu msikiti mzima uliamini karani wa bandari ana mabega mabovu kwa sababu ya kubeba vitabu vizito vya ofisini. Mke wa Shehe alikuwa akimpelekea mama mafuta ya kumchua. Baba aliyapokea, akashukuru, akanyamaza. Hakupenda mabishano, na alijua akifungua mdomo patakuwa na maneno.

Mdomo akaufungua Othmar.

Siku hiyo alikwenda dukani kwa Shehe kununua chumvi. Shehe, kwa upole tu, akamuuliza kama pale misheni kuna dawa ya mabega, maana karani wao anateseka.

Othmar aliniambia moyo wake uliruka kwa furaha. Lile daftari alikuwa amelisoma hata akalikariri.

"Yule haumwi, Shehe," alisema. "Yule ni wa kundi lililotoka. Katika kundi hilo ndimo alimotoka aliyemuua Ali."

Akamweleza yote, kistaarabu kabisa, kama yuko ubaoni. Kwamba Mtume alipofariki, Waislamu walipishana juu ya nani awaongoze. Kwamba alipouawa khalifa wa tatu, Uthmani, ugomvi uligeuka vita, Ali, mkwe wa Mtume, upande huu na Muawiya upande ule. Kwamba walipokubaliana waamuliwe, kundi moja lilikataa, likasema hukumu ni ya Mungu peke yake, likajitoa. Hao wakaitwa Khawarij, na mmoja wao ndiye aliyemuua Ali kwa upanga. Kutokana na shina hilo, akasema Othmar, ndiyo wakaja Waibadhi wa Omani, Unguja na Pemba. Utawajua kwa mikono yao katika sala.

Hakusema uongo. Aliishia ukurasa wa kwanza tu.

Ukurasa wa pili ulisema Waibadhi walijitenga na wale wauaji na hawalikubali jina la Khawarij. Ulisema kwao damu ya Mwislamu mwenzao ni haramu. Ulisema Kurani ni ileile, kibla kilekile, nguzo zilezile tano, na kwamba pwani huko wanaozana na kuzikana na Masuni, kundi la kina Shehe, bila shida. Othmar aliujua ukurasa huo kama alivyoujua wa kwanza. Alichukua chumvi yake, akaenda zake.

Ijumaa iliyofuata Shehe alimsimamisha baba mlangoni. Akamuuliza mbele ya watu kama kweli mabega yanamuuma.

Baba akajibu mabega yake ni mazima. Akasema hivyo ndivyo walivyoswali baba yake na babu yake, na kama mtu angemuuliza angemwambia tangu siku ya kwanza.

Shehe akamwambia basi akaswali nyumbani kwake. Miaka mitatu ya kupeana mikono ikaisha hapo. Kina mama wakaacha kuleta mafuta, na makuli wakaacha kumwamkia.

Wiki sita baadaye homa ikampata. Siku tatu, akafariki. Kabla hajakata kauli alimwomba mama jambo moja tu: aoshwe na asaliwe na Waislamu. Hakutaka kingine.

Mama akatuma mtu kwa Shehe. Jibu likaja kwamba huyo hawamjui.

Akatuma kwa baba yake mzazi, ng'ambo ya ghuba, kuomba walau kaburi. Jibu likaja kwamba uwanja wa kanisa si wa Mwislamu. Kwa Mzee Cuthbert baba yangu alikuwa Mwislamu mno, kwa Shehe hakuwa Mwislamu hata chembe, na jua lilikuwa linapanda.

Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Xaveri, akapendekeza achimbiwe pembeni ya shamba la ujamaa, wafukie, watu warudi kwenye mihogo. Mama akamwambia anayezikwa si mbuzi.

Halafu, na tumbo lake lile, akatembea mpaka shuleni.

Othmar alimwona amesimama mlangoni mwa darasa na kaniki ya msiba. Akatoka. Aliniambia kwa sekunde chache, Mungu amsamehe, alidhani amekuja kwake kama mwanamke anayerudi.

"Mtu niliyemtuma kwa Shehe ameniambia ni wewe uliyesema," mama alimwambia. "Mume wangu alinieleza hicho ulichokiacha. Nenda ukakimalizie."

Othmar akajaribu kujitetea. Akasema alichosema ni historia, kimo kitabuni, hakumtukana mtu. Akasema pia kwamba hakuna aliyemhurumia yeye siku alipodharauliwa.

"Sikukudharau mimi. Alikudharau baba yangu, na wewe hukwenda kwake, ukaja kuniulia mume jina lake."

Othmar akaingia darasani. Akachukua daftari, akaenda dukani. Makuli walikuwa wamekusanyika pale, wanangoja kuona itakuwaje. Akasoma ukurasa wa pili wote, polepole, kwa sauti. Aliposoma jinsi Masuni na Waibadhi wanavyozikana, kuli mmoja mzee akatikisa kichwa kukubali.

Shehe alimsikiliza mpaka mwisho. Akauliza nani aliyeandika maneno hayo.

"Niliandika mimi, alivyofundisha padri."

"Kwa hiyo padri ndiye wa kuniambia mimi nani ni Mwislamu," Shehe akasema. "Rudi na daftari lako, Mwalimu."

Mnaona hapo? Wiki sita nyuma, maneno ya padri huyohuyo, kutoka daftari hilohilo, yalitosha kumfukuza mtu msikitini. Hakuna aliyeuliza nani ameyaandika. Yalipokuja ya kumsafisha, ghafla yakawa ya padri.

Othmar akarudi kwa mama ameinamisha kichwa. Alitegemea kilio. Mama hakulia. Alikuwa ameshazungushia kanga uani, maji yamo kwenye pipa, sanda imekunjwa.

"Nilijua atakataa," mama akasema. "Vua viatu. Utamwosha wewe."

"Mimi ni Mkatoliki, Dorothy."

"Kwenye daftari lako imo namna ya kuosha?"

Ilikuwemo. Upande wa kulia kwanza, mara tatu au tano au saba, maji ya mwisho na kafuri kidogo.

"Basi chukua ndoo uende ziwani, ongeza maji. Upite mbele ya duka, kwenda na kurudi. Akikuuliza mtu, mwambie unakwenda kumwosha Khalfan."

Othmar akapita. Aliniambia hakuna safari ndefu aliyowahi kutembea kama ile. Kwenda, waliuliza, akajibu. Kurudi, hakuna aliyeuliza, wote walikuwa wamesimama.

Aliingia uani, akakunja mikono ya shati. Baba alikuwa amelazwa kwenye kitanda cha kamba, amefunikwa shuka. Othmar hakuwahi kumkaribia hivyo akiwa hai. Uso ulikuwa umekonda, na ulikuwa wa kijana. Akaogopa, akaona aibu, na kwa mara ya kwanza ile chuki ikakosa pa kukaa. Akachota maji, akanyoosha mkono wa kulia.

Kanga ikavutwa pembeni. Shehe Chiwaula aliingia kwa hasira, makuli nyuma yake.

"Toa mikono yako hapo, Mroma," alifoka. "Wewe huwezi kumwosha Mwislamu."



Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, mgongo ukutani. Hakuinuka. Akamuuliza Shehe kwa sauti ya kawaida kabisa, "Umesema nani?"

 Watu kumi na zaidi walikuwa wamesikia. Yule kuli mzee akasema tu, "Amesema Mwislamu," akavua kofia yake, akaanza kukunja mikono ya kanzu.

Shehe akavua viatu. Halafu akamsukuma Othmar pembeni kwa kiwiko, akachukua kata, akasema bismillahi.

Walimwosha, wakamkafini, wakamsalia takbira nne. Walimzika saa tisa alasiri kwenye makaburi ya Waislamu, na Shehe mwenyewe ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea.

Miaka mingi baadaye nilimuuliza mama alijuaje kwamba itakuwa vile. Akacheka kwa dharau. Akanisimulia kwamba alipokuwa msichana, mjomba wake mlevi alitengwa na kanisa, na alipokufa Mzee Cuthbert alikataa kumzika. Maiti ikakaa mpaka Wakatoliki wakatokea na majembe kusaidia. Mzee Cuthbert alikuja mbio, akawanyang'anya majembe, akapiga kelele kwamba huyo ni Mwanglikana wake.

"Nimelelewa na mtu kama Shehe," mama akasema. "Hawakupendi, lakini hawataki mwingine akuguse."

Siku ya arobaini Othmar alikuja kutoa pole. Mama akampa kiti. Hakumpa maji, hakumpa neno. Alikaa mpaka akaelewa, akaondoka, na mwisho wa mwaka akaomba uhamisho.

Mimi nilimtafuta Mbinga mwaka 1998. Alikuwa kipofu wa jicho moja, mstaafu, peke yake. Alipojua mimi ni nani alinisimulia kila kitu bila kujitetea, halafu akaniuliza kama mama alikufa akiwa amemsamehe.

Nikamwambia hapana. Na mimi sikuongeza msamaha wangu.

Ndugu zangu, mnaosoma haya kwenye simu na kubishana kila siku nani ni Mwislamu wa kweli na nani ni Mkristo wa kweli, mtu akikuletea ubaya wa mwenzako na ushahidi mkononi, muulize ushahidi huo unaishia wapi. Muulize hapohapo, kabla hujamfungia mtu mlango.

Maana kama Othmar angesema uongo, ungekanushwa siku ileile. Alichosema kilikuwa kweli tupu, na ndiyo sababu baba yangu alilala juani bila kuzikwa mpaka alasiri.