Wabishi wa Uyole Watua Ipogolo

Jua la Ipogolo, Iringa, limeshaanza kuchoma mgongo, na Mwanakhamisi Junaid ameinama kwenye beseni anaosha nyanya. Ushauri hajatoa hata mmoja. Anaosha tu, maji mpaka kwenye viwiko, ushungi kaufunga nyuma ya shingo.

"Mama, si mkae kwanza mnywe chai?" anasema Sedekia, mwenye nyanya zake, aibu imemjaa. "Mmetoka Mbeya kote huko!"

"Chai itanionyesha nini mimi? Lete zingine."

Pembeni yake Shobha, mwenye duka la vyakula kule Soweto ya Mbeya, wanamwita Mama Jinal, anakata nyanya. Mzee Joachim, aliyewahi kufanya kazi kiwanda cha jamu, anapuliza kuni huku anakohoa. Ndiyo utaratibu wao. Kwanza ushike kazi ya mtu, halafu ndiyo ufungue mdomo.

Mwanakhamisi ana miaka arobaini na mbili, anasaga viungo vya pilau Uyole. Alianza na kinu na mchi, leo ana mashine mbili na kina mama wanne wa kufunga pakiti. Lakini ulizia sokoni uone, habari ya viungo hawakwambii. Wanakuuliza, "Yule wa Wabishi?"

Wabishi ni timu za watu watatu watatu, wanalea wafanyabiashara wachanga kuanzia Mbeya mpaka Iringa. Hawaji mmoja mmoja. Wanakuja wote, siku moja, na wanabishana mbele yako, tena kweli kweli.

Sababu ni watu kama Sedekia. Anapika sosi ya nyanya, na mwaka jana alipata washauri watatu, kila mmoja na siku yake. Wa kwanza akasema asichemshe sana, rangi inapotea. Wa pili akasema apunguze siki, wateja wanalalamikia ukali. Wa tatu akasema asijaze ikiwa ya moto, chupa za plastiki zinajikunja.

Sedekia akafanya yote.

"Ningemkatalia nani? Wote wakubwa zangu," anasema. Sosi ikachacha, chupa zikavimba madukani, nyingine zikarusha vifuniko. Jina likachafuka. Sasa kuna lori linamsubiri Jumatatu, akapakie mbao Mafinga. Leo isipoeleweka, anaondoka, na sosi imekufa.

Mwanakhamisi anamwelewa. "Na mimi nilikuwa hivyohivyo, ndiyo baba, ndiyo mama, mpaka pilau ya watu inanuka karafuu tupu! Nikasema hapana, hawa washauri wabishane wenyewe, mwenye biashara asikie."

Sosi imeiva, ubishi unaanza.

"Ichemke ya kutosha, chupa iwe ya kioo, ijazwe ya moto, na siki irudi," anasema Joachim.

"Kioo? Kikivunjika njiani utalipa wewe?"

"Mama Jinal, bora kivunjike kimoja kuliko kreti nzima kulipuka dukani kwako!"

"Haya, kioo. Lakini chupa ndogo! Watu wananunua ya kumaliza haraka."

Mwanakhamisi naye anatupia lake. "Maduka ya mtaani achana nayo, wameshakukimbia. Uza barabarani, abiria hawakujui."

Sasa imebaki hatua ya mwisho, ambayo ndiyo inawatoa watu jasho. Timu haiondoki mpaka mwenye biashara akatae jambo moja, na aseme kwa nini.

Sedekia anaangalia chini. "Dogo, leo hutuagi na 'sawa mzee'," Joachim anamchokoza. "Kataa!"

Sedekia anafunika sufuria.

"Mama," anasema, "hilo la barabarani silikubali. Jina limechafukia mtaani, nitalisafishia mtaani. Naingia duka kwa duka, nafungua chupa, nakula mimi kwanza wakiniona. Wakinifukuza, basi wanifukuze."

"Unanikatalia mimi?"

"Nakukatalia, mama. Samahani."

"Koma na samahani yako!" Mwanakhamisi anapiga kigelegele, majirani wanachungulia. "Joachim, umesikia? Kaninyoosha huyu!"

Sedekia anatoa simu, anampigia mwenye lori. "Kaka, mbao tafuta mtu mwingine. Jumatatu naanza kwa Murtaza dukani." Murtaza ndiye wa kwanza kumrudishia chupa.

Mwanakhamisi anafuta mikono, ameshapanga mengine. Anataka timu ya Iringa ya watu wa Iringa wenyewe. Ila kabla ya hapo, Sedekia akishasimama, anamtaka Uyole kwenye timu itakayomlea Yasmini, binti anayetengeneza siagi ya karanga.

"Yule mtoto anaitikia mpaka redio," anasema. "Akae na huyu, aone mtu anavyonikatalia."