Alichosema Aloyce kwa Mikono

Niliondoka Moshi kwa sababu ya simu ya Sajenti Rehema, mpelelezi. Alisema kule Kilema kuna mtuhumiwa kiziwi anayeitwa Aloyce, na kwamba ameshakiri.

"Tulimuuliza kwa ishara, akaitikia kwa kichwa," alisema. "Lakini mkuu wangu anataka mkalimani awepo kabla hatujaandika maelezo yake."

Mimi ni mwalimu wa watoto viziwi. Kwetu ni Morogoro. Moshi nimeletwa na kazi. Nilikuwa nimewahi kutafsiri kanisani na hospitalini, lakini polisi sikuwahi. Asubuhi ile hata chai ilinishinda.

Njiani, Rehema akiendesha mwenyewe, alinieleza kilichotokea. Mzee Eliasi, jirani yake Aloyce, alikutwa shambani amepigwa kichwani, hajitambui. Aliyekutwa amepiga magoti kando yake ni Aloyce, mikono imejaa damu. Mzee alikuwa bado amelazwa na hajaweza kusema neno.

"Akifariki, kesi inakuwa ya mauaji," Rehema alisema.

Himo tuliiacha barabara ya Holili, tukapinda kushoto kuelekea mlimani. Baada ya muda migomba ilitufunika pande zote mbili na baridi ikaanza kuingia dirishani. Rehema alikuwa akinionyesha kanisa la zamani la misheni, nami nikaitikia bila kulitazama. Nilikuwa nawaza kwamba nikikosea alama moja tu, mtu anaweza kuozea gerezani.

Kituoni Kilema tulimkuta Aloyce kwenye benchi, mtu wa makamo aliyevaa mabuti ya mpira, macho yake yakihama kutoka mdomo mmoja hadi mwingine. Nilimsalimia kwa lugha ya alama. Akaitikia kwa kichwa. Nikamuuliza jina lake. Akaitikia kwa kichwa. Nje jua lilikuwa linawaka. Nikaonyesha dirishani, nikafanya alama ya mvua kubwa. Akaitikia tena, safari hii kwa bidii.

"Anasema nini?" Rehema aliuliza.

"Hasemi kitu, afande. Hakupelekwa shule, hajui alama ninazofundisha. Anakubali kila kitu ili asigombezwe."

Rehema aliweka kalamu mezani. Kisha akauliza, "Basi nani anamwelewa?"

"Watu wa nyumbani kwake."

Nilijibu hivyo kwa woga, maana ndugu si mtu wa kumtafsiria ndugu yake mbele ya polisi. Lakini hapakuwa na mwingine.

Tulimchukua Aloyce, na nyumbani kwao tulipokewa na mama yake. "Shikamoo mama," nilisema. "Marahaba, mwanangu," akajibu, lakini macho yake yalikuwa kwa Aloyce aliyekuwa akishuka garini na askari. Mama huyu mjane alikuwa akiishi na wanawe wawili, Aloyce na kitinda mimba wake, Deo. Kwa Wachagga kitinda mimba ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi na kuwatunza uzeeni. Deo ndiye aliyekuwa tegemeo lake.

Aloyce alipoingia tu, alikwenda kwenye mlango wa chumba kimoja uliofungwa. Akaupiga kofi, akamgeukia mama yake, akavuta sikio lake mwenyewe mara mbili. Mama alitikisa kichwa na kuonyesha mkono kuelekea bondeni.

"Anamuulizia Deo," alituambia. "Yeye yuko Holili, amekwenda kutafuta vibarua."

Tulitoka wote hadi mpakani mwa kihamba chao, shamba la migomba la nyumbani, na cha Mzee Eliasi. Masale yaliyopandwa kuonyesha mpaka yalikuwa yameng'olewa, yamelala yamenyauka. Hapo Aloyce akaanza kusema. Mikono yake ilikwenda mbio, uso ukibadilika, na mama akimfuata kwa sauti ya chini. "Huyu anayetembea ameinama ni Mzee Eliasi. Alikuja akakuta masale yameng'olewa. Akagomba."

Aloyce akavuta sikio mara mbili. Akashika jembe ambalo halikuwepo, akalipandisha, akalishusha.

Mama alitazama bondeni. Halafu akasema, "Anasema hajui ni nani. Alikuta mzee ameshaanguka."

Nikinyamaza, Aloyce anarudi mahabusu na damu ya mzee mikononi. Nikisema, ninamnyang'anya mama huyu mtu wa kumzika. Tena sikuwa na uhakika wote, kwani ile lugha ilikuwa yao, si yangu.

"Afande," nilisema, "kuna alama moja haijatafsiriwa. Siwezi kuapa maana yake, ila ndani aliifanya pia." Nikavuta sikio langu mara mbili.

Rehema hakupandisha sauti. "Mama, huyu wa sikio ni nani?"

Mama aliketi ukingoni mwa mfereji. Aloyce alidhani mama hakumwelewa. Akaja akachuchumaa mbele yake, akaurudia ule mvuto wa sikio polepole, kwa upole, kama mtu anayemrudia mzee asiyesikia vizuri.

"Ni Deo," mama akasema. "Ni mdogo wake."

Jioni tulishuka Moshi. Deo alikamatwa Holili na hakubisha. Mzee Eliasi alipopata nafuu aliyasema yaleyale ya Aloyce, na akaongeza kwamba kabla ya kuzimia alimwona Aloyce akimzibia jeraha kwa shati lake.

Baada ya wiki kadhaa nilipanda tena Kilema, safari hii kuanza kumfundisha Aloyce alama za shule. Mama alinikuta uani pamoja naye.

"Ulinirudishia mmoja, ukaondoka na mwingine," alisema. "Sijui nikupokee vipi."

Nilikuwa nimezoea kuamini kwamba kazi ya mkalimani inaisha neno likishafika. Kilema nilijifunza kwamba likishafika, aliyelipokea anabaki nalo nyumbani, nami napanda gari narudi mjini.

Mama aliingia jikoni. Alipotoka alikuwa ameshika kigoda. Akakiweka karibu na Aloyce, akanionyesha kwa mkono niketi.