Usiiguse Kabla ya Kumuuliza Shemeji

Niacheni niseme, maana kifua kimejaa. Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa fundi umeme wa mitambo pale machimbo ya kokoto kwa miaka ishirini na sita, na sikuwahi kuona buldoza wala greda lililomsumbua siku mbili. Kila mtambo alikuwa ameuchorea daftari lake la shule: betri hapa, fyuzi pale, waya hii inatoka wapi inakwenda wapi, kila moja kwa penseli ya rangi yake. "Umeme una adabu," alikuwa akiniambia. "Ufuate polepole, utakupeleka wenyewe."

Basi macho yakaanza kumsaliti. Mtoto wa jicho, yote mawili. Nyekundu na ya machungwa akawa hazitofautishi tena, na tarakimu za mita ndiyo usiseme. Alishapangiwa operesheni, bima ya kazini ingelipa, zimebaki wiki tatu tu. Meneja akijua kabla, anamfukuza siku hiyohiyo na bima inaondoka naye. Siri hiyo tuliijua watatu: yeye, dada na mimi.

Mimi ni dereva wa eskaveta, lile jitu la mkono mrefu linalochota mawe. Ikiharibika nashuka kwenye kabini, najifanya nakagua matope kwenye minyororo, kumbe namsomea rangi.

"Hii?"

"Nyekundu."

"Una hakika?"

"Shemeji, macho yalikuwa mazima ukamchagua dada yangu, leo ndiyo unataka uhakika?"

Alicheka mpaka plaisi ikamdondoka.

Eskaveta yangu ilikuwa mpya, ina kompyuta. Mtaalamu aliyeileta alituonya: waya za kompyuta, hizi za machungwa, msizichome na taa ya kupimia, inanyonya umeme mwingi, tumieni mita. Lakini mafundi wa zamani wote wana taa hiyo mfukoni, kibalbu chenye ncha ya sindano. Ikiwaka, umeme upo. Shemeji alikuwa na yake tangu ujana.

Alhamisi asubuhi mkono wa eskaveta ukagoma kunyanyuka. Malori yamepanga foleni, meneja kasimama nyuma ya shemeji, mikono kiunoni. "Haya fundi, dakika kumi!"

Shemeji akafungua kifuniko, akashika waya moja kwenye fungu, akageuza uso kunitafuta. Nilikuwa hatua mbili tu. Kumsomea rangi mbele ya meneja ni kumwanika, sawa. Lakini ningeweza kuropoka kitu chochote, hata cha kijinga: "Fundi, au ni hiyo ya machungwa inayotusumbua?" Angenielewa. Niliogopa, jamani. Niliona na mimi kibarua kinaota nyasi. Nikafyata mkia, nikatazama buti zangu.

Akatoa taa, kwa sababu taa aliiona, tarakimu za mita hakuziona. Akachoma. Kibalbu kikawaka kidogo, kikafifia, na skrini ya kabini ikazima moja kwa moja. Kompyuta imeungua.

"Kwani rangi huioni?" meneja akafoka.

Shemeji akaisogeza waya ile karibu na macho. Meneja naye si mjinga, akamwonyesha waya tatu, akamwambia azitaje. Akakosea mbili. Kabla ya saa sita alikuwa nje ya geti na sanduku lake la vifaa, na kadi ya bima ikabaki ofisini.

Jioni nilikwenda kwao kuomba radhi. Dada alikuwa amekaa tu, mikono mapajani. Shemeji hakuniacha nimalize. "Achana nayo. Ungefanya nini?" Akanikabidhi daftari la eskaveta. "Mpe fundi atakayekuja. Mimi litanisaidia nini tena?"

Nililifungua nilipofika nyumbani. Mistari yote ilikuwa ya penseli moja ya kawaida, na pembeni ya kila mstari ameandika kwa herufi kubwakubwa za mtu anayeandika kwa kupapasa: "Shemeji anasema nyekundu." "Shemeji anasema kijani." Ukurasa baada ya ukurasa. Kwenye waya ile ya kompyuta hakuandika rangi. Aliandika: "Usiiguse kabla ya kumuuliza shemeji."

Na aliniuliza. Aligeuka akaniuliza, nami nikatazama buti.