Mkaratusi Juu ya Nyumba ya Bibi

Nikisugua jani la mkaratusi mkononi, harufu yake hunirudisha kijijini kwetu Kifanya papo hapo, na viganja huanza kuniwasha.

Nilikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja, enzi za Mwingereza. Dhoruba iliupasua mkaratusi wa uani katikati, nusu ikabaki imeinama juu ya nyumba ya Bibi, mama yake Baba, ikilia kila upepo ulipopita. Bibi miguu ilikuwa imemkataa, na kuhama alikataa mwenyewe. Alisema aliingia nyumba ile bibi harusi, atatoka maiti.

Baba alikuwa Tanga, kwenye mashamba ya mkonge. Kwetu kazi kubwa ilifanywa kwa kualikana, na waalikwa walitarajia ulanzi, pombe ya mianzi. Mama, Mlutheri wa kweli kweli, alitangaza togwa na viazi. Wanaume walivisifu sana viazi vyetu, kisha kila mmoja akakumbuka ana safari ya Makambako. Mpaka leo nikiwakumbuka hasira hunipanda.

Mama hakumbembeleza mtu. Aliazima msumeno wa watu wawili kwa mzee wa kanisa, akawaomba wanawake wanne washike kamba iliyofungwa mtini, upande wa shamba la mahindi. Mpini wa pili akanipa mimi.

"Vuta zamu yako, kisha legeza," aliniambia. "Ukisukuma, msumeno utakwama. Na usitazame juu."

Nilisukuma, bila shaka. Ulipokwama Mama alinitazama tu, tukaanza upya. Malengelenge yalitokea, yakapasuka, tukaendelea. Ndani Bibi aliimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya mtu anayeshindana na msumeno. Alasiri mti ulitoa mlio, wanawake wakavuta kwa pamoja, ukalala kwenye mahindi. Bibi akauliza kama togwa imebaki.

Kwa miaka mingi niliamini Mama hakuogopa. Siku tuliyomzika, jirani yetu Mama Eliza alinieleza jambo. Asubuhi ile ya mti Mama alimpelekea wadogo zangu wawili na furushi la nguo zao zote, akamwomba, asipokuja kuwachukua, awalee mpaka Baba arudi. Nakumbuka niliwaonea wivu, nikidhani wanakwenda kucheza.

Nguo zangu hazikuwamo kwenye furushi lile. Msumeno ulitaka watu wawili, na Mama alinichagua mimi.