Lebo ya Aliyetangulia

Hospitalini walimwita Bi Waya. Miaka kumi na moja alizunguka wodi na begi lake la bisibisi, akiwaambia wauguzi kwamba kompyuta ni kama mgonjwa: usimtibu kabla hujamsikiliza. Siku ile hakusikiliza.

Asubuhi kompyuta ya maabara, iliyoendeshwa na mfumo huria, ule wa bure unaotunzwa na watu wa mtandaoni, ilikuwa imesasishwa, na printa ya lebo za damu ikagoma. Draiva yake, ile programu inayoiwezesha kompyuta kuelewana na printa, haikuonekana tena kwenye orodha. Foleni ilishafika mlangoni. Mkuu wa maabara, mdogo wa marehemu mume wake, alisimama nyuma yake akigongagonga kalamu.

"Shemeji, watu wanatolewa damu na lebo hakuna. Weka draiva yoyote!"

Akachagua ile ya jumla, inayosemekana kufaa printa zote. Akatuma lebo ya mgonjwa wa kwanza. Kimya. Akatuma tena, printa ikakoroma, lebo ikatoka safi.

"Mambo si hayo!" shemeji akasema. Bi Waya akafunga begi, akaenda zake.

Saa saba mchana alikuwa wodi ya wanawake, akibadilisha kebo, aliposikia wauguzi wakicheka.

"Njoo usikie, Bi Waya. Bibi wa kitanda cha nne, na miaka yake themanini, maabara wanasema ana mimba!"

Naye akacheka. Kisha akaiweka kebo chini. Asubuhi alituma lebo mara mbili, ikatoka moja. Ya pili ilikwenda wapi?

Alirudi maabara mbio. Akaandika JARIBIO, akatuma. Likatoka jina la mgonjwa aliyetoka kuinuka kitini. Akatuma JARIBIO LA PILI. Likatoka JARIBIO. Printa ilikuwa ikishikilia kila lebo mpaka nyingine ije kuisukuma. Tangu asubuhi kila chupa ya damu ilibeba jina la mtu aliyetangulia, na msaidizi alikuwa akibandika bila kusoma, maana printa ile haikuwahi kumdanganya.

"Simamisha kazi," alimwambia shemeji yake.

"Kwa sababu ya printa? Huoni foleni? Rekebisha taratibu, watu wasijue."

Bi Waya akauchomoa waya wa printa ukutani. "Kuna mgonjwa aliyeongezewa damu kwa kufuata vipimo vya leo?"

Kalamu ya shemeji ikatulia. "Mfuko mmoja. Kwa mama aliyejifungua. Nusu saa sasa."

Walipiga simu, ikaita, haikupokelewa. Bi Waya akapanda ngazi akikimbia, viatu mkononi. Alimkuta yule mama akitetemeka chini ya mablanketi mawili, akilalamika kiuno kinamkata. Muuguzi alikuwa ameshaufunga mpira wa damu.

"Damu iliyomwingia ni kidogo tu," alisema.

"Kidogo kiasi gani?"

Muuguzi akamwonyesha mfuko, umepungua karibu nusu.

Jioni ile Bi Waya aliipata draiva halisi. Watunzaji wa mfumo walikuwa wameihamishia kwenye kifurushi kingine cha programu, na kuisakinisha kulimchukua dakika nne. Hizo dakika nne ndizo zilizomuuma. Alichapa lebo kumi zenye majina tofauti, akazisoma moja moja kwa sauti. Kisha akaandika taarifa: draiva niliichagua mimi. Shemeji alimsihi afute sentensi hiyo. Akakataa.

Yule mama aliugua figo wiki tatu, akapona, akaenda nyumbani na mtoto wake. Wagonjwa wengine waliitwa wakatolewa damu upya, wote isipokuwa mmoja. Huyo alikuwa mzee aliyeambiwa hana tatizo lolote, akaondoka akishukuru. Majibu yale hayakuwa yake. Yake yalikuwa mabaya, ya kuhitaji dawa mara moja.

Simu yake haipatikani. Bi Waya alikwenda mpaka mtaani kwake. Majirani wakasema amehamia kwa binti yake, hawajui wapi. Kila asubuhi, kabla ya kugusa kompyuta yoyote, anaipiga namba ile.